Saa Mbili na Nusu

Redio ilitaja saa: mbili na nusu, usiku.
Haikutaja mawingu.
Mimi Othieno, jina la mzaliwa wa usiku,
nimetoa viti viwili nje
na kigoda cha kuwekea simu.
Binti yangu Akoth, jina la mzaliwa wa mvua,
ametoa beseni.

"La nini?" namuuliza.
"La mvua, Baba. Ikija isitukute hivi hivi."
Miaka tisa, na tayari hamwamini mtangazaji.

Juu ya mwamba wa Tororo wingu limekaa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Upande wa kiwanda cha saruji anga ni kijivu,
lakini huo ni ukijivu wetu wa kila siku, hatuuhesabu.
Kuelekea Malaba malori yamepanga foleni,
taa zao zinalamba matumbo ya mawingu.
Nyota moja. Kisha hakuna.
Kisha ile ile, au dada yake.

Umeme ukakatika saa mbili na dakika kumi,
nyumba zote za reli zikaguna
isipokuwa yangu.
Wandera wa chapati kaita kutoka ng'ambo ya ua:
"Jirani, huo mwezi wako unaanza lini?
Unga nimeshaukanda."
Nikamwambia, umeshaanza.
"Mbona siuoni?"
Hata mimi siuoni, nikasema, lakini umeshaanza.

Lugha hii tunayosemeshana hapa mpakani,
Mpadhola na Msamia na Mteso,
inasema mwezi umepatwa
na haimalizi sentensi.
Mtu hupatwa na homa. Hupatwa na msiba, na deni.
Mwezi unapatwa tu,
kama mtu anayejibu "niko sawa" kwenye simu
na nyuma yake unasikia mashine ya kufulia.

Mama yake Akoth yuko Maskati, mwaka wa pili.
Kule hakuna wingu, alisema. Kule wingu ni habari.
Saa mbili na dakika arubaini simu ikatetemeka juu ya kigoda:
picha. Paa la nyumba ya watu, kamba ya nguo,
shuka saba zisizo zetu,
na juu kabisa kidoa chekundu
kidogo kama punje ya mtama.
"Mnauona?" imeandikwa chini.

Akoth akaichukua simu, akaiinua
hadi usawa wa pale mwezi ulipopaswa kuwa,
akafumba jicho moja.
"Tunauona," akamwandikia.
Sikumsahihisha.

Halafu mvua. Si kubwa; ile ya kuuliza njia.
Beseni likaanza kuhesabu: moja, moja, mbili.
Nikakunja kiti changu. Yeye hakukunja chake.
Nikasema, haya, umeshinda, jina lako limelimeza langu.
Akasema, ngoja.

Nikangoja chini ya mabati yangu, Wandera chini ya yake,
chuma chake cha chapati kikifuka moshi bure.
Sijui zilipita dakika ngapi.
Kisha wingu, bila sababu, likapasuka
pale kwenye bega la mwamba,
na ukawepo.

Haukuwa mwekundu kama walivyosema.
Rangi ya chungu kilichotoka motoni,
rangi ya chai iliyosahauliwa.
Na mviringo hasa, si bapa kama sahani:
kwa mara ya kwanza maishani nikauona ni kitu,
kitu kinachoshikika, kinachoweza kudondoka.
Wandera akatamka neno la Kisamia nisilolijua.
Akoth hakutamka lolote, matone yakimshuka puani.
Simu, nilipoielekeza juu, ilipiga giza tupu.

Labda dakika moja. Labda pungufu.
Wingu likajifunga kama mlango wa duka la Jumapili.

Umeme uliporudi kumbikumbi walijaa kwenye taa,
mbawa zao zikaelea ndani ya beseni.
Mtoto alikuwa ameshalala na viatu.
Nikaishika simu niizime, nikakuta
ujumbe alioutuma bila kuniambia:

"Mama, sasa tumeuona kweli. Mwanzo nilikudanganya.
Beseni limejaa robo."